Kumbi za Kaunti Zina Mwenye Funguo, Hazina Mwenye Ratiba

Kwa waheshimiwa mawaziri wa kaunti mnaosimamia utamaduni na sanaa, kuanzia Kisumu, Siaya, Vihiga, Kakamega, Busia na Bungoma hadi Nakuru. Kwa kamati za mabunge ya kaunti zinazohusika. Na kwa mameneja wa majiji na manispaa zetu,

Salamu nyingi.

Mimi ni mtu wa jukwaa. Kazi yangu ni kupanga maonyesho ya kikundi cha maigizo hapa Kisumu: natafuta ukumbi, nafunga taa, nasimamia mazoezi ya mwisho, na siku yenyewe mara nyingi ni mimi ninayekaa mlangoni kukusanya viingilio. Najua mnavyoandamwa na mambo ya hospitali, basari na barabara, na sitawaomba mjenge jumba la maonyesho la mabilioni. Ninachoomba ni kwamba kumbi mlizo nazo tayari ziwe mikononi mwa mtu ambaye mwisho wa mwezi ataulizwa ni maonyesho mangapi yamefanyika na ni watu wangapi wamekuja kuyatazama.

Kwa sasa hakuna anayeulizwa hivyo. Anayeulizwa, anaulizwa ni pesa ngapi zimeingia na kama mlango ulifungwa.

Kumbi nyingi za kijamii zilikuwa mali ya mabaraza ya miji na manispaa. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013 zikawa zenu, na Jedwali la Nne la Katiba linataja shughuli na vifaa vya utamaduni, burudani ya umma, sinema, maktaba na makumbusho kati ya kazi za kaunti. Hapo hakuna nafasi ya kuitupia Nairobi lawama. Nairobi yenyewe ina Jumba la Kitaifa la Maonyesho lililofunguliwa mwaka 1952, lenye baraza lake la usimamizi, na bado wasanii hawaishi kulilalamikia. Sisi huku tuna kumbi zenye mlango wa chuma, mti wa kivuli nje, na bei zilizoandikwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti. Isomeni hiyo sheria siku moja kwa macho ya msanii. Mara nyingi utakuta ukumbi umepangwa katika jedwali moja na machinjio, maegesho ya magari na vyoo vya umma. Bei ya harusi hii hapa, bei ya mkutano, bei ya disko. Wakati mwingine kuna hata bei ya vipaza sauti, ijapokuwa vipaza sauti vyenyewe vilishaaga dunia.

Niruhusuni niwatembeze ndani ya ukumbi mmoja. Sitautaja wala kaunti yake, nisije nikamponza mzee wa funguo ambaye hana kosa lolote.

Jukwaa lipo, la saruji, zuri tu. Nyuma yake kuna chumba cha kuvalia ambacho siku hizi ni stoo ya madawati yaliyovunjika na mabango ya kampeni za chanjo, kwa hiyo waigizaji hubadilisha maleba nje, nyuma ya tanki la maji, wenzao wakiwashikia shuka. Soketi inayofanya kazi ni moja, nayo iko upande wa mlangoni. Tunavuta waya kutoka huko, tunaupitisha katikati ya watazamaji na kuubandika sakafuni kwa selotepu ili watoto wasijikwae. Pazia liliondolewa kwa ajili ya harusi ya mtu na halikurudi. Paa ni mabati matupu, hakuna dari. Waliozoea kanda ya ziwa wanajua kwamba mvua ya huku hupenda alasiri na jioni, radi ikitangulia. Ikishaanza kuyapiga yale mabati, hakuna mwigizaji duniani atakayesikika safu ya tatu. Huwa tunasimamisha mchezo, tunaanzisha wimbo, tunapiga makofi pamoja na watazamaji hadi ipungue. Watu hucheka, na kusema kweli ukumbi huchangamka, lakini aliyetoa kiingilio chake aone tamthilia ameishia kusikiliza mvua.

Dari, soketi chache mahali panapofaa, pazia, na chumba cha kuvalia kilichoondolewa takataka. Hayo si mambo ya kuzinduliwa kwa utepe na hotuba, na nashuku hiyo ndiyo sababu hayaonekani kwenye bajeti. Kupaka rangi kunaonekana kutoka barabarani. Rangi tumepakiwa sana.

Tukija kwenye kukodi, mambo huwa hivi. Unaanza kwa mzee wa funguo, anakutuma ofisi ya wadi. Ofisi ya wadi inakutuma ofisi ya mapato ukate risiti. Ofisi ya mapato inataka kwanza barua yenye muhuri wa idara ya utamaduni. Idara ya utamaduni inataka kuhakikisha siku hiyo ukumbi hauna mtu, na anayejua hilo ni mzee wa funguo peke yake, ambaye kalenda yake ni daftari la shule lililokunjwa mfukoni mwa koti. Waheshimiwa, kwenye mikutano mnatueleza kuhusu mifumo ya kidijitali. Kwa upande wa kumbi, mfumo ni lile daftari, na mzee akisafiri kwenda matangani mfumo umesafiri naye.

Tumewahi kulipia ukumbi katika kaunti mojawapo, tukapewa risiti, tukabandika mabango, tukatangaza. Asubuhi ya onyesho tukakuta viti vimepangwa kwa mkutano wa wajumbe wa chama cha siasa. Hakuna aliyetupigia simu. Tuliambiwa tu tuelewe, wakubwa wamekuja. Kurudishiwa pesa ilikuwa ni kuanza safari nyingine ndefu kuliko ile ya kulipa, tukaomba tarehe nyingine badala yake. Watazamaji waliokuwa wamepanda matatu kutoka mbali walirudi kwao wakitulaumu sisi, na wana haki, maana jina kwenye bango lilikuwa letu.

Tatizo hili lina historia yake nchini. Oktoba 1976 tamthilia za waandishi Wakenya zilipewa siku chache tu katika Jumba la Kitaifa la Maonyesho, zikabanwa katikati ya maonyesho ya kigeni ambayo tayari yalikuwa yameishika kalenda. Mwaka uliofuata watu wa Kamiriithu, kule Limuru, walikuwa na jukwaa lao la wazi walilojijengea kwa mikono yao, na mwaka 1982 serikali ikalibomoa. Vizazi vya wasanii wamejifunza kutokana na hayo kwamba anayeishika kalenda ndiye mwenye ukumbi, hata hati ya ardhi iandikwe jina la nani. Ndiyo maana ombi langu la kwanza ni dogo mno kiasi cha kuonekana la mzaha: kalenda ya kila ukumbi wa umma iwe wazi kwa kila mtu, mtandaoni na kwenye ubao mlangoni, ionyeshe nani amechukua siku gani na amelipa ngapi. Na iandikwe kwamba aliyekwisha kulipa hahamishwi, hata akija nani. Mkutano wa chama una mahali pengi pa kwenda. Tamthilia ina jukwaa moja.

Sasa nije kwenye pesa, maana ndipo penye kidonda.

Tukilipia ukumbi, pesa zinaingia Mfuko wa Mapato wa Kaunti. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka hivyo, na sina ugomvi nacho; pesa za mkononi tunajua huishia wapi. Lakini matokeo yake ni kwamba ukumbi ukijaa mwezi mzima, balbu iliyoungua itabaki imeungua. Msimamizi akileta wateja kila wiki hapati hata kopo la rangi. Asipoleta yeyote, hapungukiwi na kitu. Mtu mwenye akili timamu akiwekwa kwenye mpango huo atafanya nini? Atapenda harusi. Harusi hulipa mara moja, huja na viti vyake na mapambo yake, hufagia na kuondoka. Sisi tunataka siku za mazoezi, tunafunga taa usiku, tunapigilia misumari, tunauliza maswali kuhusu umeme. Kwake sisi ni usumbufu, na simlaumu.

Sheria ina mlango hapa. Kifungu hicho hicho cha Katiba kinakubali baadhi ya pesa zisiingie mfuko mkuu ikiwa kuna sheria inayoruhusu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 116, inampa waziri wa fedha wa kaunti uwezo wa kuanzisha mfuko maalum, mradi kamati tendaji ya kaunti na bunge la kaunti waidhinishe. Hospitali za umma zililia kilio kama chetu kwa miaka, kwamba zinakusanya na hazioni matunda, na mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria ya kuziruhusu zibaki na mapato yao na kuyatumia kwa huduma zao. Ikiwa hospitali zimeaminiwa na mapato yao, ukumbi unaweza kuaminiwa na pesa za pazia. Anzisheni mfuko wa kumbi. Si lazima kila shilingi ibaki huko, hata nusu itatosha kwa kuanzia. Hesabu zake zibandikwe ukutani kila robo mwaka, palepale mlangoni, wanaolipa kiingilio wazisome wakiwa kwenye foleni.

Na badilisheni namna mnavyotutoza. Kwa sasa kikundi kinalipa kodi kamili kabla ya kuuza tiketi hata moja, na kwa vikundi vichanga huo ndio mwisho wa safari. Badala yake, chukueni asilimia ya viingilio. Tuseme kiingilio ni shilingi 200 na wamekuja watu 150, mlangoni kuna shilingi 30,000. Ukumbi ukichukua asilimia 15 umepata 4,500. Wakija watu 300 umepata 9,000. Ghafla msimamizi ana sababu ya kuuliza kama mabango yamebandikwa, kama taa ya nje inawaka, kama vyoo vina maji. Ofisi ya mapato itapinga, najua, itasema hatutatangaza idadi ya kweli. Tumieni tiketi zenye nambari na malipo ya M-Pesa kwa nambari ya ukumbi wenyewe, kisha ukumbi ndio utupe sisi chetu. Wasanii hatutaki kushika pesa za mlangoni. Tumechoka kuzilinda.

Hayo yote hayataenda bila mtu. Namaanisha meneja wa ukumbi mwenye kazi ya kupanga ratiba, si mlinzi aliyepandishwa cheo wala kijana aliyezunguka na gari la kampeni. Awe anaweza kukaa kwenye mazoezi ya kikundi na kusema hii bado haijaiva, rudini baada ya mwezi. Awe anajua kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya kulindwa, na kwamba kwaya, muziki wa ohangla na tamthilia haziwezi kutumia vipaza sauti kwa mpangilio mmoja. Watu wa namna hiyo wapo. Wengine walifundishwa hapa hapa, wakahamia Nairobi kwa sababu huku hakuna meza ya kukalia.

Kuna walioyapitia haya mbele yetu. Hong Kong, idara ya serikali inayomiliki kumbi ilianza mwaka 2009 kushirikisha vikundi vya sanaa kama washirika wa kumbi hizo: kikundi kinapata nafasi ya mbele kwenye kalenda, nacho kinaupa ukumbi sura na watazamaji wake. Japani ilichukua njia nyingine mwaka 2003, ikaruhusu serikali za mitaa kukabidhi vifaa vya umma kwa kampuni au mashirika yasiyo ya faida yaviendeshe kwa mkataba wa miaka michache. Njia hiyo imelaumiwa kwa sababu mara nyingi lengo lilikuwa kubana matumizi, na mikataba mifupi huwafanya wafanyakazi wenye ujuzi wasikae. Mwaka 2012 nchi hiyo ilipitisha sheria mahususi ya majumba ya maonyesho, inayotilia mkazo kazi inayofanyika ndani na wataalamu wanaoifanya. Nayataja haya kwa sababu najua kuna tarakilishi mahali ambamo pendekezo la kukodisha kumbi zetu kwa mwekezaji tayari limeandikwa. Mwekezaji akipewa ukumbi bila masharti ya ratiba, ndani ya mwaka utakuwa duka la magodoro au kanisa. Sina neno na kanisa. Lakini ukumbi ni wa wote, hata wasiosali pale.

Mimi naegemea njia ya washirika. Kila ukumbi upate kikundi mkaazi kimoja au viwili kwa miaka miwili, vichaguliwe kwa maombi ya wazi, na vigezo vitangazwe mapema. Kikundi kifanye mazoezi hapo asubuhi za juma, wakati ukumbi umefungwa tu na popo ndani, na kwa malipo yake kitoe onyesho kila mwezi, kifundishe vijana wa mtaa, na kiangalie vifaa. Miaka miwili ikiisha kiombe upya kama wengine. Bila sharti hilo la mwisho, tutakuwa tumeunda ufalme mdogo, na wasanii tunajuana.

Hata ngoma zetu zinasubiri jambo hili. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Zaidi ya miaka kumi baadaye, mgeni akishuka stendi ya Kakamega Jumamosi na kuuliza isukuti inachezwa wapi leo, atashauriwa angoje mazishi, au angoje mheshimiwa ashuke kwenye gari. Wapigaji watapewa nauli na soda. Ukumbi wenye siku yake ya isukuti kila mwezi, kiingilio kinachojulikana, watoto wakikaa mbele, ungefanya zaidi kuliko warsha zote za uhifadhi nilizowahi kualikwa. (Chakula cha warsha kilikuwa kizuri, nakiri.)

Kuhusu kutangaza. Kuna imani ofisini kwenu kwamba kizuri chajiuza. Labda sokoni. Onyesho halijiuzi, kwa sababu mtu hawezi kuligusa kabla hajalipa. Watu wa huku hupata habari kwa redio za kwao, Ramogi, Mulembe, West FM na Radio Lake Victoria, kwa matangazo ya kanisani, kwa makundi ya WhatsApp ya chama na ya wazazi, na kwa gari la vipaza sauti likizunguka sokoni. Kikundi kimoja hakiwezi kulipia yote hayo kwa onyesho moja. Ukumbi wenye ratiba ya miezi mitatu unaweza: tangazo moja linabeba maonyesho kumi, na mtu akikosa la wiki hii anajua la wiki ijayo. Hapo ndipo mazoea ya kwenda ukumbini huzaliwa. Mkitoa pesa za utangazaji kwa tamasha moja kubwa la mwaka, lenye mahema na msanii wa Nairobi, mmetangaza siku moja na kuziacha nyingine zote gizani.

Saa nazo ziangaliwe. Onyesho la saa mbili usiku ni la wenye magari. Mama wa mtaa wa Nyalenda au Manyatta hapa Kisumu anayetaka kuja na binti zake anafikiria boda ya kurudi na taa za barabarani kabla ya kufikiria tamthilia. Saa tisa alasiri Jumamosi, saa kumi na moja Ijumaa watu wakitoka kazini. Tumejaribu na viti vilijaa. Na tafadhali, onyesho likiandikwa saa tisa lianze saa tisa. Nusu ya ucheleweshaji wetu hutokana na kumngoja mgeni wa heshima, ambaye akifika anahutubu kabla ya mchezo na kuondoka kabla haujaanza. Waheshimiwa, njooni. Lipeni kiingilio. Kaeni mtazame mpaka mwisho. Hilo lenyewe ni tangazo kuliko bango.

Mna watazamaji wengine ambao hata hamjawahesabu: shule. Riziki ya vikundi vingi vya maigizo Kenya inatokana na vitabu teule vya shule za upili. Tunafunga mapambo juu ya matatu, tunazunguka shule hadi shule, tunaigiza kwenye bwalo linalonuka maharagwe huku meza zikiwa zimesukumwa pembeni. Tungeweza kufanya kinyume, wanafunzi wa shule kadhaa wakaletwa ukumbini asubuhi za juma, wakaona taa, pazia na jukwaa lenye kina. Tangu Januari 2026 sekondari ya juu imeanza na Gredi ya 10, na mojawapo ya njia tatu wanazochagua wanafunzi ni sanaa na michezo, yenye masomo ya muziki na densi, na ya maigizo na filamu. Mwanafunzi wa Bungoma aliyechagua maigizo atafanya mafunzo yake ya vitendo wapi? Shule nyingi hazina hata jukwaa la mbao. Kaunti ina ukumbi umefungwa kutoka Jumatatu hadi Ijumaa. Barua moja kwa wakurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo inatosha kuanzisha mazungumzo hayo, na ningependa iandikwe kabla muhula haujaisha.

Lililobaki ni gumu kidogo, lakini nikilinyamazia barua hii itakuwa ya uongo.

Aprili 2025 tamasha la kitaifa la drama na filamu la shule lilifanyika Nakuru, jiji tangu Desemba 2021, na majukwaa yake yalikuwa ndani ya shule. Wanafunzi wa shule ya Butere Girls kutoka Kakamega walikuwa wamezuiwa kushiriki na mchezo wao ulioonekana kuikosoa serikali, Mahakama Kuu ikaamuru waruhusiwe, na mwishowe waliimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza, siku ambayo polisi walirusha vitoza machozi pale shuleni. Yalisemwa mengi na sitayarudia. Linalonihusu mimi kama mtu wa kumbi ni kwamba kila meneja wa ukumbi wa umma aliona yale na akajifunza kuogopa. Tangu hapo tunaulizwa, tukikodi, mchezo wenu una siasa? Hilo swali halimo kwenye fomu yoyote.

Basi liandikeni, upande wa haki. Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa na kinataja mipaka yake: propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki na uenezaji wa chuki. Kukasirika kwa mheshimiwa hakumo. Kanuni za kila ukumbi ziseme kwamba meneja haombi mswada ili kuona kama utamuudhi mtu, na kwamba akipigiwa simu na mkubwa kuhusu onyesho, simu hiyo ijibiwe kwa maandishi. Kanuni kama hiyo inamlinda meneja kabla ya kutulinda sisi. Ana watoto, ana mkopo, na simu ya saa mbili usiku ni nzito ukiwa huna karatasi ya kujikinga nayo.

Kwa upande wa wakati, mnajua kalenda yenu kuliko mimi. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa kufika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mfuko wa kumbi, nafasi ya meneja na ukarabati wa ndani vinaweza kuingia kwenye mzunguko unaokuja bila kuchimba msingi hata mmoja. Anzeni na ukumbi mmoja kwa kila kaunti. Kisumu mna ule unaobeba jina la Mama Grace Onyango, mwanamke wa kwanza Kenya kuwa meya, mwaka 1965, na wa kwanza kuchaguliwa bungeni, mwaka 1969. Mikutano ya maoni ya umma tumeizoea hapo, na ratiba ya maonyesho ya mwaka mzima ingelifaa sana jina hilo. Kaunti nyingine mnajua wenu ni upi.

Kikao cha maoni ya umma kuhusu jambo hili kikiitwa, kisiwe katikati ya juma kwa tangazo la siku mbili. Vikundi vya huku vitakuja na ratiba ya robo mwaka iliyoandikwa, yenye majina ya maonyesho, viingilio na orodha ya vifaa vinavyokosekana ukumbi kwa ukumbi. Tunahitaji kujua afisa gani ataipokea, na ni tarehe gani tutajibiwa.

Wenu,
Msimamizi wa jukwaa, kikundi cha maigizo,
Kisumu